Bomba la Gesi la Mtwara–Dar es Salaam: Nani Aliruhusu Nini, na Lini

Bomba la gesi asilia linaloanzia Madimba, mkoani Mtwara, na kufika Kinyerezi, Dar es Salaam, lina upana wa inchi 36 na, pamoja na matawi yake, urefu wa takriban kilomita 540. Tawi lake la inchi 24 linatoka kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, na kuungana nalo Somanga Fungu. Limejengwa kwa gharama ya takriban dola za Marekani bilioni 1.2, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka Benki ya Exim ya China, na mmiliki wake ni Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, yaani TPDC. Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi Novemba 2012 na akalizindua Oktoba 2015. Hayo yanajulikana na hayana mgogoro. Jambo ambalo wengi bado linawachanganya, hata baada ya miaka hii yote, ni nani hasa aliyeliruhusu bomba hilo, kwa sheria ipi, na ni wapi mwananchi wa kawaida angeweza kusimama na kusema neno lake likasikilizwa.

Mkanganyiko huo una sababu. Tunapozungumza mitaani tunasema "serikali imeruhusu", kana kwamba kuna ofisi moja yenye muhuri mmoja. Kisheria, bomba la gesi hupitia mikono kadhaa, na kila mkono una swali lake. Mamlaka ya ardhi huuliza nani ataondolewa na atalipwa kiasi gani. Mamlaka ya mazingira huuliza ni madhara gani yatatokea na yatapunguzwaje. Mdhibiti wa nishati huuliza kama mwombaji ana uwezo wa kiufundi na ni bei gani itozwe kwa kusafirisha gesi, huku Hazina ikiuliza deni litalipwaje. Swali kubwa kuliko yote, kwamba je, bomba hili linahitajika, la ukubwa huu, kuelekea huku, halikuwa na ofisi yake. Lilijibiwa ndani ya Serikali kabla milango mingine haijafunguliwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo mzizi wa karibu kila mzozo uliofuata.

Ili kuelewa nani anasimamia nini, ni lazima kwanza kuelewa mgawanyo ambao wataalamu wa sekta hii wanautumia kila siku. Shughuli za gesi hugawanywa katika mikondo mitatu. Mkondo wa juu ni utafutaji na uzalishaji, yaani kuchimba visima na kuitoa gesi ardhini au chini ya bahari. Mkondo wa kati ni kuisafisha, kuisafirisha kwa bomba kubwa na kuihifadhi. Mkondo wa chini ni kuisambaza hadi kwa mteja, awe kiwanda, mtambo wa umeme, kituo cha kujazia magari au jiko la nyumbani. Kwa Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, mkondo wa juu uko chini ya PURA, Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli, ambayo iliundwa na sheria hiyohiyo. Mkondo wa kati na wa chini viko chini ya EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Bomba la Mtwara, kwa hiyo, ni mali ya mkondo wa kati, na pamoja nalo mitambo ya kusafisha gesi ya Madimba na Songo Songo. Sheria hiyo imeipa TPDC, kama shirika la taifa la mafuta, haki ya kipekee katika mkondo wa kati na wa chini wa gesi asilia, lakini haikuiondoa chini ya mdhibiti: hata shirika la umma linahitaji leseni, na hata shirika la umma haliwezi kujipangia bei.

Msomaji makini ataona tatizo la tarehe. Sheria inayoeleza haya yote ilipitishwa na Bunge Julai 2015. Jiwe la msingi la bomba liliwekwa Novemba 2012. Karibu miaka mitatu ya kuchimba mitaro na kuunganisha vyuma ilipita kabla ya nchi kuwa na sheria kamili ya kusimamia mkondo wa kati wa gesi. Hata Sera ya Taifa ya Gesi Asilia, hati ambayo kwa kawaida hutangulia sheria, ilitoka Oktoba 2013, karibu mwaka mzima baada ya jiwe la msingi kuwekwa.

Si kweli, hata hivyo, kwamba kulikuwa na ombwe. EWURA ilikuwapo; ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi 2006, na gesi asilia ilikuwa miongoni mwa sekta zake tangu mwanzo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikuwapo. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilikuwapo, na Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 ilikuwa na umri mkubwa kuliko TPDC yenyewe. Utafutaji na uzalishaji uliongozwa na sheria ya mwaka 1980, ambayo ilitungwa wakati gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, ilikuwa bado imelala chini bila mnunuzi, na gesi ya Mnazi Bay ilikuwa haijagunduliwa. Hiyo ilipatikana 1982. Pengo lilikuwa katikati: kanuni za kujenga na kuendesha bomba kubwa, mipaka kati ya TPDC kama mfanyabiashara na TPDC kama msimamizi wa wengine, na utaratibu wa mtu mwingine kupata nafasi ya kupitisha gesi yake bombani.

Inasaidia kulinganisha na bomba lililotangulia, kwa sababu Tanzania ilikuwa imeshafanya kazi hii mara moja. Bomba la Songas, lenye urefu wa kilomita 232 kutoka Songo Songo hadi Ubungo, lilianza kupeleka gesi 2004. Kabla ya ujenzi, mikataba mikuu ilisainiwa 2001, na ndani yake wateja walikuwa wametajwa: mtambo wa umeme wa Ubungo, kiwanda cha saruji cha Wazo Hill na umeme wa kijiji cha Songo Songo chenyewe. Kiasi fulani cha gesi kilitengwa kwa ajili yao kwa miaka ishirini. Mikataba hiyo imelaumiwa kwa mengi, na mengine kwa haki, lakini ilikuwa na sifa moja ya msingi: bomba lilipimwa kwa mahitaji ya watu waliokwisha kuahidi kununua. Bomba la Mtwara lilipimwa kwa matarajio. Uwezo wake ni futi za ujazo milioni 784 kwa siku, wakati mitambo miwili ya kusafisha iliyojengwa pamoja nalo, Madimba na Songo Songo, ina uwezo wa jumla ya futi za ujazo milioni 350 kwa siku. Hapa tutarudi tukifika kwenye bei.

Ruhusa ya ardhi ndiyo inayomgusa mwananchi mapema kuliko zote. Njia ya bomba huitwa mkuza, na mkuza wa Mtwara unapita katika mikoa minne, yaani Mtwara, Lindi, Pwani na Dar es Salaam, katika maeneo ambako utajiri wa familia mara nyingi ni mikorosho na minazi kuliko nyumba. Mthamini hufika shambani akiwa na viongozi wa kijiji, huhesabu miti mmoja mmoja, huandika aina yake na hali yake ya ukuaji, hupima nyumba na kaburi kama lipo, kisha mwenye mali hupigwa picha akiwa amesimama mbele ya mali yake na kibao chenye namba. Hesabu hupelekwa hadi kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, ambaye saini yake ndiyo inayoifanya taarifa ya uthamini iwe halali. Juu ya thamani ya ardhi na mali, sheria inamtaka mchukuaji alipe posho ya usumbufu, posho ya usafiri na posho ya makazi, na pale panapostahili, faida iliyopotea. Fidia inapaswa kulipwa ndani ya miezi sita, na ikichelewa, riba huanza kuhesabiwa.

Yaliyomo kwenye fomu hiyo yana uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu uthamini hauwezi kuongeza kitu ambacho hakikuhesabiwa siku ile. Mkorosho mchanga unaoandikwa leo kama mche utakuwa unazaa miaka michache baadaye, na mwenye shamba aliyelipwa kwa mche atakuwa amepoteza mavuno ya miongo kadhaa. Baada ya bomba kufukiwa, ukanda ule haujengwi nyumba wala haupandwi miti yenye mizizi mirefu, kwa sababu mizizi huharibu utando unaokinga chuma dhidi ya kutu na nyumba huzuia mafundi kufika kwenye bomba. Kila aliyewahi kuona vigingi vya alama vilivyopangwa kwenye mkuza amekwisha kuona mpaka wa ruhusa hiyo. Ukubwa wa kipande kilichobaki nje ya mkuza, kama kinatosha kuendeleza maisha au hakitoshi, ni swali ambalo kanuni za fidia hulijibu kwa udhaifu, na ningependa sana kuona likirekebishwa.

Ruhusa ya mazingira hufanya kazi kwa namna nyingine. Mwenye mradi huajiri wataalamu waliosajiliwa wafanye Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, huipitia taarifa hiyo. Na cheti hutolewa kikiwa na masharti. Kwa bomba hili masuala hayakuwa madogo. Linavuka Mto Rufiji, na tawi la Songo Songo linapita baharini katika eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, ambalo lilitambuliwa 2004 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa kwa mikoko, matumbawe na samaki wake. Katika hatua hii sheria inataka wananchi watakaoathirika washirikishwe na maoni yao yaandikwe. Lakini mjadala wenyewe umewekewa mipaka: unauliza namna ya kupunguza madhara ya mradi uliokwisha kuamuliwa. Mwananchi anayesema "sitaki gesi iondoke hapa" hupokewa kama mtu aliyekosea mlango.

Hilo ndilo lililotokea Mtwara. Tarehe 27 Desemba 2012 watu wengi waliandamana mjini wakitaka gesi ichakatwe na kutumika kusini kwanza, na kauli "gesi haitoki" ikaenea mkoa mzima. Januari 2013 vurugu zilifika Masasi, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaenda Mtwara kuzungumza na wananchi. Mei mwaka huohuo, siku hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni na Waziri Sospeter Muhongo na kuthibitisha kwamba ujenzi unaendelea, mji ulilipuka. Watu walipoteza maisha, majengo ya umma na nyumba za viongozi zikachomwa, na jeshi likapelekwa mitaani.

Serikali ilieleza kwamba gesi ni mali ya taifa zima, kama dhahabu ya Geita na maji ya Mto Rufiji. Hoja hiyo kikatiba ni sahihi, na siamini kwamba mkoa wowote ungeweza kupewa haki ya kuzuia rasilimali ya nchi. Lakini wananchi wa kusini, ambao kwa miongo mingi walisubiri barabara ya lami, walikuwa wanauliza jambo jingine: ni katika kikao gani uamuzi wa kusafirisha gesi kwa bomba, badala ya kujenga mtambo mkubwa wa umeme palepale na kusafirisha umeme kwa nyaya, ulilinganishwa hadharani kwa hesabu? Kulikuwa na hoja nzito za kiuchumi upande wa bomba. Viwanda vya Dar es Salaam vinahitaji joto pamoja na umeme, na gesi hutoa vyote viwili. Mitambo ya umeme pia hufaa kuwa karibu na watumiaji. Hoja hizo zilielezwa baada ya watu kuingia barabarani. EWURA haikuwa na swali hilo mezani kwake, NEMC haikuwa nalo, na halmashauri hazikuwa na mamlaka nalo. Halmashauri zilibaki na kitu kimoja kinachoonekana, ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato ya kampuni zinazofanya kazi katika maeneo yao, ambao Kilwa na Mtwara zimeupokea kutoka kwa wazalishaji wa gesi.

Baada ya hapo mambo ya sheria yalikwenda kwa kasi. Sera ya Oktoba 2013 ilitamka kwamba soko la ndani litapewa kipaumbele. Julai 2015, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, miswada mitatu ilipelekwa bungeni kwa hati ya dharura: wa petroli, wa usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi, na wa uwazi na uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji, yaani uchimbaji wa madini, mafuta na gesi. Wabunge wa upinzani walitaka muda zaidi wa kuisoma, wengine wakatolewa nje na Spika Anne Makinda, na miswada ikapita. Yaliyomo katika sheria hizo kwa kiasi kikubwa ni mazuri: kutenganisha PURA na TPDC kulimaliza hali ya shirika moja kuwa mchezaji na mwamuzi, na sharti la kutoa nafasi iliyobaki bombani kwa wasafirishaji wengine bila ubaguzi ni msingi mzuri wa ushindani. Lakini dharura iliyotajwa ilitokana na ukweli kwamba bomba lilikuwa limekaribia kumalizika. Sheria ililikuta likiwa ardhini.

Kwa hiyo mdhibiti alibaki na kazi moja kubwa ambayo bado ingeweza kubadilisha matokeo, nayo ni bei. Bei ya kusafirisha na kusafisha gesi haitoki sokoni, kwa sababu bomba ni moja na mteja hana pa kwenda. EWURA hukokotoa toza kwa kukusanya gharama halali za mwendeshaji, yaani uendeshaji, uchakavu wa mitambo na kiasi cha kurudisha mtaji na mkopo, kisha kugawa jumla hiyo kwa kiasi cha gesi kinachotarajiwa kupita. Kabla ya kuamua huitisha mkutano wa taftishi, ambapo mwombaji hueleza maombi yake na wateja, pamoja na baraza la ushauri la watumiaji, huyapinga au kuyaunga mkono. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Ni utaratibu mzuri, na ni mahali pachache ambapo raia anaweza kuona hesabu za shirika la umma zikihojiwa hadharani. Inasikitisha kwamba mikutano hiyo huhudhuriwa na wachache.

Tatizo liko kwenye namba inayogawanya, yaani kiasi cha gesi kinachopita. Tuseme gharama za bomba kwa mwaka ni shilingi 100, na gharama hizo hazipungui sana hata kama gesi inayopita ni kidogo. Bomba likijaa, vizio 100 vikapita, kila kizio kinabeba shilingi moja. Vikipita vizio sita tu, kila kimoja kingepaswa kubeba karibu shilingi 17. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kwa mwaka wa fedha 2015/16 ilionyesha kwamba bomba lilikuwa linatumika kwa asilimia 6 tu ya uwezo wake. Mtambo wa Kinyerezi II, wa megawati 240, ulizinduliwa 2018, miaka mitatu baada ya bomba, na kiwanda cha saruji cha Dangote kikaunganishwa mwaka huohuo. Mdhibiti aliwekwa mahali pagumu mno: akiruhusu toza inayofidia gharama zote, TANESCO, shirika la umeme la taifa, mteja mkubwa kuliko wote na ambayo tayari ilikuwa nyuma kulipa ankara zake, ingezidi kuelemewa na mzigo ungefika kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya kila nyumba, akiruhusu toza ndogo, TPDC isingeweza kulipa deni, na Hazina, yaani mlipakodi yuleyule, ingelibeba. Hakuna kanuni ya bei inayoweza kutibu makadirio ya mahitaji ambayo hayakuhojiwa kabla ya mkopo kusainiwa. Matumizi yameongezeka tangu wakati ule, lakini Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, lililoanza kuzalisha 2024, limebadilisha tena nafasi ya gesi katika umeme wa nchi, na hesabu ya toza itabidi isomwe upya kwa kuangalia zaidi viwanda, magari na majiko.

Kuhusu usalama, ambao ndio udhibiti usiokwisha, niseme kwa ufupi. Kampuni tanzu ya TPDC, GASCO, huendesha bomba, hukagua mkuza, hupima hali ya chuma na kutoa taarifa kwa EWURA. Tishio linalokua ni miji: Mkuranga na pembezoni mwa Dar es Salaam zinajengwa kwa kasi, na mkuza uliopita porini 2013 sasa una majirani. Kulinda ukanda huo ni kazi ya halmashauri zinazotoa vibali vya ujenzi kuliko ilivyo kazi ya mafundi wa gesi.

Haya yote yana umuhimu wa sasa, kwa sababu bomba jingine linazungumzwa. Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa Nairobi, Tanzania na Kenya zilisaini hati ya makubaliano ya bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa, na Oktoba 2022 Rais William Ruto akiwa Dar es Salaam viongozi hao wawili walitaka mradi uharakishwe. Bomba hilo litakuwa chini ya wadhibiti wawili, EWURA upande mmoja na EPRA, mdhibiti wa nishati wa Kenya, upande wa pili. Chini ya NEMC na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Na chini ya sheria mbili za ardhi zisizofanana, kwa kuwa Kenya ina Tume ya Taifa ya Ardhi yenye nafasi yake katika utwaaji. Toza ya kuvuka mpaka haiwezi kupangwa na mdhibiti mmoja peke yake, na rufaa ya mteja wa Mombasa dhidi ya gharama iliyozaliwa Somanga haina mahali pa kusikilizwa hadi nchi hizo zikubaliane. Safari hii sheria zipo kabla ya chuma. Nyaraka ambazo wananchi wa pande zote mbili wanapaswa kuzidai kwanza ni makadirio ya mahitaji yenye majina ya wanunuzi na viwango walivyojifunga kuchukua, pamoja na rasimu ya kanuni ya toza, na zote mbili ziwekwe hadharani kabla ya mkataba wa mkopo kusainiwa.